Maswali ya Wasomaji: Kisicho na ncha hushikwa na nini?

Kati ya barua zilizofika mwezi huu, nne zimetoka Kanda ya Kati, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, nimeona zinauliza jambo moja. Nimezipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza litazisaidia zinazofuata, kwa hiyo namwomba msomaji asiruke.

Swali: *Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Dodoma, na nyumbani kwetu ni Mpwapwa. Wakati wa likizo alikuja mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe akiwa na chombo cha naitrojeni kimiminika. Alipofungua kifuniko, moshi mweupe ulimwagika pembeni, naye akatuambia kwamba mle ndani kuna baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Darasani tumefundishwa kwamba molekuli ya naitrojeni haina ncha, yaani haina upande wenye chaji chanya wala upande wenye chaji hasi. Kama haina ncha, inashikwa na nini na mwenzake hata ikawa kimiminika?*

Jibu: Marahaba. Kwanza niuondoe moshi njiani. Ule moshi si naitrojeni, kwa sababu naitrojeni haina rangi ikiwa gesi wala ikiwa kimiminika. Ulichokiona ni mvuke wa maji uliokuwa hewani, ambao ulipoguswa na ubaridi ule uligeuka kuwa matone madogo sana, kama ukungu wa asubuhi kwenye vilima vya Mpwapwa.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani, kwa kuwa wanasayansi walikaa nalo zaidi ya nusu karne. Mwaka 1873 Mholanzi Johannes Diderik van der Waals alieleza, katika tasnifu yake ya chuo kikuu cha Leiden, kwamba tabia ya gesi halisi haiwezi kufahamika mpaka tukubali mambo mawili: kwamba molekuli zina ukubwa wake, na kwamba zinavutana. Alionyesha kwamba mvutano upo, lakini hakuweza kusema unatoka wapi. Mwaka 1908, katika mji uleule wa Leiden, Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuigeuza heliamu kuwa kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Atomu ya heliamu ni duara kamili, haiungani na chochote, haina ncha ya aina yoyote, na bado ilikusanyika ikawa kimiminika. Baada ya hapo hapakuwa na namna ya kusema kwamba visivyo na ncha havivutani.

Jibu la chanzo cha mvutano huo lilipatikana mwaka 1930, na aliyelitoa ni Mjerumani aliyeitwa Fritz London. Nalitaja jina lake kwa makusudi, kwa sababu mnapokutana na maneno «kani za London», yaani nguvu hizi za kuvutana, wengi hudhani zimepewa jina la mji mkuu wa Uingereza. Huyu ni mtu, mzaliwa wa Breslau, na alifariki mwaka 1954 huko Marekani.

Fikra ya London ilikuwa hii. Tunaposema kwamba molekuli ya naitrojeni haina ncha, tunazungumzia wastani. Elektroni zake 14 zimeenea kuzunguka viini viwili, na ukipima kwa muda wa kutosha utakuta hakuna upande uliopata zaidi ya mwingine. Lakini elektroni hazitulii. Katika kila kipande kifupi cha wakati, kifupi kuliko tunavyoweza kukisia, huwa zimeelemea upande mmoja kidogo, kisha upande mwingine. Fikiria zizi la ng'ombe wa Kigogo wakati wa jioni. Ukilitazama mwezi mzima, huwezi kusema kwamba ng'ombe hukaa zaidi magharibi kuliko mashariki. Ila ukilipiga picha wakati wowote ule, hutakuta wamegawanyika sawasawa hata siku moja. Molekuli nayo, katika picha hiyo ya mara moja, huwa na upande ulioelemewa na elektroni, ambao ni hasi kidogo, na upande uliopungukiwa, ambao ni chanya kidogo. Ncha hizo ni za muda, lakini wakati zipo ni ncha halali.

Sasa weka molekuli ya pili kando yake. Upande ulio hasi wa ile ya kwanza unazisukuma elektroni za jirani ziende mbali, na hivyo sehemu ya jirani iliyo karibu inabaki kuwa chanya kidogo. Hasi na chanya zimekaribiana, basi zinavutana. Wanafunzi wengi hapa hukwama, wakiuliza: kama ncha zinageuka kila wakati, mbona mvutano na msukumano visifutane? Havifutani kwa sababu molekuli ya pili haichezi peke yake. Elektroni za kwanza zikihamia upande wa pili, za jirani nazo hufuata, kwa hiyo mpangilio unageuka lakini mvutano unabaki. Ni mwendo wa pamoja, na ni katika kwenda pamoja huko ndimo kani inamokaa. Mfano wangu wa zizi unaishia hapa, kwa maana ng'ombe wa zizi moja hawawavuti wa zizi jingine, na elektroni zenyewe si vitu vidogo vinavyotembea kama mifugo bali ni kama wingu. Lakini kwa kuanzia unatosha.

Kani hii huitwa pia kani ya mtawanyiko, jina linalowachanganya watu kwa kuwa kazi yake ni kukusanya. London aliliteua kwa sababu hesabu zake zilitumia kiasi kilekile kinachotumika kueleza namna mwanga unavyotawanyika rangi ukipita katika maada. Lililo muhimu zaidi kuliko jina ni kwamba mvutano huu hufifia haraka mno kwa umbali: ukiongeza nafasi kati ya molekuli mara mbili, nishati ya mvutano hupungua mara 64. Ndiyo maana katika hewa ya darasani kwenu, ambamo molekuli ziko mbalimbali na zina mbio, naitrojeni huishi kana kwamba haina jirani. Ukizipoza zikapunguza mbio, na zikasogeleana, ndipo mvutano huo mdogo unapopata nguvu ya kuzikamata.

Na ni mdogo kweli. Kuigeuza methani kimiminika kuwa gesi kunahitaji takribani kilojuli 8 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya molekuli), wakati kuvunja kifungo kimoja tu cha kaboni na hidrojeni ndani ya molekuli hiyo kunahitaji zaidi ya kilojuli 400. Naitrojeni inapochemka katika chombo cha yule mtaalamu, molekuli haivunjiki. Inamwacha jirani yake tu. Naandika hivi kwa sababu kila mwaka nasahihisha karatasi zinazosema kwamba kuchemka ni kuvunjika kwa molekuli.

Utauliza ukubwa wa kani hii unategemea nini. Unategemea idadi ya elektroni, na zaidi ya hapo unategemea wepesi wa wingu la elektroni kuvutwa likabadili umbo. Tazama familia ya halojeni. Florini huchemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri, klorini kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri, bromini ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 59 juu ya sifuri, na iodini imekaa chupani ikiwa imara. Zote nne hazina ncha. Kinachobadilika ni kwamba wingu linazidi kuwa kubwa, na elektroni za nje zinazidi kuwa mbali na kiini, kwa hiyo hazishikwi kwa ukali.

Hapo vitabu vingi husema kwa mkato kwamba «molekuli nzito huvutana zaidi». Mimi sikubaliani na mkato huo, kwa kuwa uzito hauhusiki. Kinachotokea ni kwamba molekuli zenye elektroni nyingi kwa kawaida huwa pia nzito. Chukua salfa heksafloraidi, gesi inayotumika ndani ya swichi za umeme mkubwa. Molekuli yake ina uzito wa 146, atomu ya hidrojeni ikihesabiwa kuwa 1, na bado kwenye nyuzi 64 chini ya sifuri huwa imekwisha kuwa gesi. Dekani, iliyomo katika mafuta ya taa, ina uzito wa 142, chini kidogo ya ile, lakini huchemka kwenye nyuzi 174 juu ya sifuri. Tofauti ni zaidi ya nyuzi 230 kwa vitu viwili vyenye uzito unaokaribiana. Sababu ni florini, ambayo huzibana elektroni zake kama bakhili na fedha zake: wingu haliyumbi, na lisipoyumba ncha za muda hazizaliwi kwa urahisi.

Jambo la mwisho kwako, ambalo mwalimu wako atalifurahia ukimpelekea. Usiamini kwamba chenye ncha lazima kishikane kuliko kisicho na ncha. Klorofomu ina ncha na huchemka kwenye nyuzi 61. Kaboni tetrakloraidi haina ncha, lakini huchemka kwenye nyuzi 77, kwa kuwa ina atomu ya klorini ya ziada na wingu kubwa zaidi. Kani ya London ipo katika zote mbili, na hapa ndiyo iliyoamua.

Swali: *Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mama lishe karibu na Soko la Majengo. Natumia mtungi wa gesi wa kilo 15. Nikipika maharage na makande tangu alfajiri, mtungi unatoka jasho upande wa chini na kuwa wa baridi, na moto unapungua, ingawa nikiutikisa nasikia bado kuna kitu kinachezacheza ndani. Mwanangu anaendesha bajaji ya gesi asilia Dar es Salaam, naye anasema mtungi wake hauna kitu cha kuchezacheza kabisa. Gesi si gesi?*

Jibu: Njema, mama, na pole na moshi wa zamani ulioukimbia. Gesi zenu ni za ukoo mmoja, ila si kitu kimoja. Ya kwako ni mchanganyiko wa propani na butani. Ya mwanao ni methani, ambayo hapa kwetu hutoka Songo Songo na Mnazi Bay. Zote tatu hazina ncha kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo molekuli zake hushikana kwa ile kani niliyomweleza mwanafunzi wa hapo juu, na tofauti yote unayoiona inatokana na ukubwa wa wingu la elektroni. Methani ina elektroni 10, propani ina 26, butani ina 34. Katika mkandamizo wa kawaida methani huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu kabisa na sifuri.

Butani na propani ziko karibu na kuwa kimiminika hata katika joto la Dodoma, zinahitaji kusaidiwa kidogo tu. Kwenye nyuzi 20, butani hutosheka na mkandamizo wa takribani mara mbili ya ule wa hewa, na propani takribani mara nane. Chuma cha mtungi wako kinaumudu mkandamizo huo bila shida, na ndiyo maana gesi ya siku nyingi inaingia katika chombo unachoweza kukibeba. Methani haisaidiki namna hiyo. Ikiwa na joto la juu ya nyuzi 83 chini ya sifuri, hata uikandamize kiasi gani, haitakuwa kimiminika, kwa kuwa mbio za molekuli zimeushinda mvutano wake mdogo. Kwa hiyo katika bajaji ya mwanao imeshindiliwa ikiwa gesi, kwa mkandamizo wa takribani mara 200 ya hewa, katika mtungi mzito wenye kuta nene. Wanaotaka kuisafirisha methani kwa meli ikiwa kimiminika hawana budi kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na ndiyo kazi ambayo mitambo inayozungumzwa kwa miaka mingi kule Lindi ingefanya. Faida yake ni kwamba ujazo hupungua takribani mara 600.

Sasa jasho la mtungi. Kila molekuli inayotoka kwenye kimiminika kwenda jikoni inapaswa kujinasua kutoka kwa jirani zake, na kujinasua huko kunakula joto, takribani kilojuli 400 kwa kila kilo ya gesi. Joto hilo linatoka kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma. Ukipika saa nyingi kwa moto mkubwa, mtungi unapoa haraka kuliko hewa inavyoweza kuupasha, unyevu wa hewa unageuka kuwa matone juu yake, na mkandamizo wa ndani unashuka, ndipo moto unapolegea. Kuna na sababu ya pili: propani, inayoshikana kwa ulegevu zaidi, huwahi kutoka, na kinachobaki mwishoni huwa na butani nyingi zaidi, ambayo asubuhi ya mwezi wa saba hapa Dodoma haina msukumo wa kutosha. Kwa hiyo hujaibiwa, angalau si kwa ushahidi huo. Kama una shaka, upeleke kwenye mizani, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma chake.

Uache mtungi mahali penye hewa inayopita, usiufunike kwa gunia, na ukiweza uwe na miwili ya kupokezana. Nakusihi mama, usiupashe kwa moto, wala usiulaze au kuugeuza juu chini ili «itoke ya mwisho», kwa sababu kitakachoingia kwenye mpira kitakuwa kimiminika, na kimiminika hicho kikifika jikoni hugeuka gesi nyingi kwa mpigo mmoja.

Swali: *Nasindika mafuta ya alizeti Kibaigwa. Mwezi wa sita mgeni wangu kutoka Tanga alikuja na chupa ya mafuta ya nazi, yakaganda usiku yakawa meupe kama samli, wakati yangu yalibaki yakimiminika kandokando yake. Wateja wananiambia kuganda ni dalili ya mafuta safi. Ni kweli?*

Jibu: Si kweli, na mteja atakayekataa mafuta yako kwa hoja hiyo atakuwa ameukataa ubora kwa kutojua umbo. Molekuli ya mafuta ya kula, iwe ya nazi au ya alizeti, ina kichwa kidogo chenye ncha kiasi na mikia mitatu mirefu ya kaboni na hidrojeni isiyo na ncha. Kuganda kwake kunategemea jinsi mikia hiyo inavyolaliana, na kwa kuwa kani ya London hufifia upesi kwa umbali, mikia iliyonyooka inayolala sambamba, kama fito zilizofungwa mzigo mmoja, hushikana kuliko mikia iliyopinda.

Mikia ya alizeti imepinda. Sehemu kubwa yake ni asidi za linoleiki na oleiki, ambazo zina vifungo maradufu vinavyoukunja mkia. Asidi ya steariki, yenye kaboni 18 na mkia ulionyooka, huyeyuka kwenye nyuzi 69. Asidi ya oleiki, yenye kaboni 18 zilezile lakini yenye kikunjo kimoja, huyeyuka kwenye nyuzi 13 au 14. Ya linoleiki, yenye vikunjo viwili, huyeyuka takribani nyuzi 5 chini ya sifuri. Idadi ya elektroni karibu ni ileile, na umbo peke yake limeleta tofauti ya nyuzi zaidi ya 70.

Mafuta ya nazi yana mikia iliyonyooka lakini mifupi, mingi ikiwa na kaboni 12, na hivyo huyeyuka karibu na nyuzi 24. Usiku wa Tanga haupoi kama wa kwetu. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba katika nyanda zetu hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mafuta ya mgeni wako hayakuwa na la kufanya ila kuganda. Mafuta ya ng'ombe, yenye mikia iliyonyooka na mirefu pia, huganda hata mchana wa kawaida, kama anavyojua kila aliyewahi kuacha sufuria ya supu ikapoa.

Ukitaka kumwonyesha mteja usafi wa mafuta yako, mwonyeshe ulivyoyachuja na ulivyoondoa maji. Kuganda kumwachie mgeni wa Tanga.

Swali: *Watoto wangu hapa Singida wanabishana juu ya mjusi wa ukutani. Mmoja anasema ana gundi miguuni, mwingine anasema anafyonza kama kikombe cha mpira. Nani ameshinda?*

Jibu: Wote wameshindwa, na wasinune. Mguu wa mjusi ni mkavu, kwa hiyo hauna gundi, na hushika hata mahali pasipo na hewa ya kufyonza. Utafiti uliofanywa kwa mjusi mkubwa wa Asia aitwaye tokay umeonyesha kwamba kila mguu una vinyweleo karibu nusu milioni, na kila kinyweleo kimechanuka ncheni kuwa mamia ya visahani vidogo mno. Mwaka 2002 Kellar Autumn na wenzake walionyesha kwamba vinyweleo hivyo vinashika sawasawa kwenye uso unaopenda maji na kwenye uso unaoyakataa, jambo lililoondoa hoja ya unyevu na kuacha kani za van der Waals, yaani mvutano kati ya molekuli aliouonyesha yule Mholanzi, ambazo zile za London ni sehemu yake kubwa.

Kiganja cha mtoto wako nacho kinavutwa na ukuta kwa kani hizohizo. Tatizo ni kwamba ngozi na lipu vina mabonde na vilima, hivyo vinagusana kwa vidoa vichache tu, na kwingineko umbali umekwisha kuua mvutano. Mjusi ameushinda umbali: visahani vyake vinaingia katika kila kibonde. Akitaka kuondoka hubadili mwelekeo wa vinyweleo na kuvibandua kidogo kidogo, bila kunyanyua mguu wote kwa mara moja, na hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde.

Kama watoto wanataka jaribio, watafute kikaango cha Teflon kisichochubuka, wakikaushe vizuri, wamweke mjusi ndani na wakiinamishe taratibu. Atateleza. Teflon imezungukwa na florini, bakhili yuleyule wa jibu la kwanza. Wakimaliza wamrudishe ukutani, maana mbu wa usiku ni kazi yake.